Dodoma–Kondoa–Babati: barabara ya zamani, lami ya juzi

Anayetoka Iringa kwenda Arusha ana njia mbili. Moja inateremka Kitonga, inapita Mikumi, Morogoro na Chalinze, inakunja Segera, inaambaa na milima ya Usambara na Upare hadi Moshi, ndipo inaingia Arusha. Hiyo ni kama kilomita 950. Nyingine inakata kaskazini moja kwa moja kupitia Mtera, Dodoma, Kondoa, Babati na Makuyuni, na haifiki 700. Pamoja na hayo, kwa miaka mingi mwenye basi au lori alizunguka bila kujiuliza. Ile ndefu ilikuwa na lami. Ile fupi ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na kati ya Dodoma na Babati mvua ikikaza gari lililala porini na abiria wake.

Kioja ni kwamba hii fupi ndiyo iliyokuwa barabara kuu. Waingereza waliiita Great North Road, kipande cha njia waliyoiota kutoka Cape Town hadi Cairo, na kwenye ramani nyingi za baadaye ni A104, inayoingia nchini Tunduma na kutokea Namanga. Arusha hadi leo utaonyeshwa Mnara wa Saa na kuambiwa hapo ndipo katikati ya Cape Town na Cairo; usibishane, hawatakubali. Lakini lami ya nchi hii ilifuata mzigo, na mzigo ulikuwa ukienda bandarini au ukitoka bandarini. Barabara zinazoanzia pwani zikapata kwanza. Hii inayokata nchi kusini hadi kaskazini, isiyogusa bandari yoyote, ikasubiri hadi Aprili 2018.

Kondoa ilikuwa mji wa maana kabla Dodoma haijajulikana. Wajerumani walikuwa na boma lao pale, Kondoa-Irangi, kando ya chemchemi isiyokauka, na misafara ilipita hapo kutafuta maji na chakula. Kisha ikaja reli ya kati: ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Ikapita Dodoma na kuiacha Kondoa kilomita 160 kaskazini. Tangu hapo Kondoa ikawa mji wa kufikiwa kwa barabara tu, na barabara yenyewe ikawa ya kubahatisha.

Jinsi ilivyokuwa ya kubahatisha ilionekana mwaka 1916, Waingereza na Wajerumani walipopigana hapa katika Vita Kuu ya Kwanza. Mapema Aprili Jenerali van Deventer, wa upande wa Waingereza, aliondoka Arusha na wapanda farasi kama 1,200 wa Afrika Kusini, akafuata karibu njia hii hii ya leo. Alichukua mlima wa Lol Kisale, akapita Ufiome upande wa Babati, na tarehe 19 Aprili akaingia Kondoa. Mwendo ulikuwa mzuri, kalenda ndiyo ilikuwa mbaya: masika ilikuwa imeshaanza. Mto uliovukwa jana kwa mguu haukuvukika leo. Farasi walikufa kwa ndorobo na kwa ugonjwa wa farasi, hata nusu ya askari wakafika kwa miguu au wasifike kabisa. Chakula kilikuwa nyuma, upande wa Moshi, na magari yaliyokibeba yalizama kwenye udongo mweusi. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, naye alikuwa na reli. Aliwahamisha askari wake kutoka upande wa Usambara, wakatembea mpaka reli ya kati na kupanda treni mpaka Dodoma, akapanda nao kaskazini, akashambulia Kondoa usiku wa tarehe 9 Mei. Alishindwa kuichukua, lakini van Deventer alikaa hapo amekwama mpaka ardhi ilipokauka. Dodoma aliipata mwisho wa Julai tu. Kila anayesimulia vita hivyo husimulia majenerali. Mimi naona aliyeamua ni ule udongo mweusi wa mbuga wa kati ya Arusha na Kondoa, na udongo huo haujahama.

Waingereza walipochukua nchi waliifanya njia ya magari: tuta la udongo, mitaro ya pembeni, drifti (vivuko vya chini) za mawe kwenye makorongo, na vibarua wa kuitengeneza kila baada ya mvua. Mwaka 1940 misafara ya malori ya jeshi la Afrika Kusini ilipanda kwa Great North Road kuelekea Nairobi na vita vya Uhabeshi. Baada ya uhuru hesabu ikabadilika. Novemba 1965 Rhodesia ilijitangazia uhuru wake, Zambia ikahitaji njia nyingine ya kutolea shaba na kuingizia mafuta, na fedha za lami zikaenda kwenye barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Kwa hiyo kipande cha kusini cha ile Great North Road, kuanzia Tunduma mpaka Iringa, kilipata lami mapema miaka ya 1970 kwa sababu kilikuwa njia ya shaba. Lami ikafika Iringa na kukunja kulia kwenda baharini. Mwaka 1973 serikali ikaamua makao makuu yahamie Dodoma, na bado mji mkuu huo ukakaa miaka 45 bila lami ya kwenda kaskazini.

Ilipokuja, ilikuja kwa vipande. Iringa–Dodoma ni kilomita 260, na iligawanywa mara tatu: Iringa–Migori 95.2, Migori hadi mlima wa Fufu 93.8, Fufu–Dodoma 70.9. Dodoma–Babati ni 251: Dodoma–Mayamaya 43.65, Mayamaya–Mela 99.35, Mela–Bonga 88.8, Bonga–Babati 19.2. Vipande viwili vya katikati, jumla kilomita 188.15, vilijengwa kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na shirika la Japani la JICA. Vile viwili vya pembeni kwa fedha za serikali. Babati kwenda Minjingu ilikuwa imeshapata lami miaka michache kabla, kwenye mradi wa kutoka Singida. Mgawanyo huu si wa karatasi tu. Kila kipande kilikuwa na mkandarasi wake, machimbo yake ya kifusi na kokoto zake, na dereva mwenye sikio zuri anasikia sauti ya matairi ikibadilika anapovuka mpaka wa kipande.

Kipande cha Iringa–Dodoma nakipita haraka. Kinateremka Nyang'oro, kinafika Migori na Mtera, kinavuka juu ya ukuta wa bwawa (kupiga picha hapo hairuhusiwi, usijaribu hata kwa simu), kinapanda Fufu na kuingia Ugogo. Samaki wa Mtera wanauzwa barabarani. Wakavu husafiri vizuri kuliko wabichi.

Kutoka Dodoma unapita Msalato, penye uwanja mpya wa ndege, halafu Veyula, ambapo barabara ya mzunguko ya Dodoma inakukata. Usichanganye alama zake ukadhani ndiyo ya Arusha. Kisha Makutupora, penye mashamba ya zabibu na kambi ya JKT, na visima vya Mzakwe vinavyonywesha Dodoma miaka yote. Baada ya Mayamaya nchi inakuwa tambarare, mibuyu na miiba, na mvua yake ni ya msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili. Ugogo hupata kama milimita 570 kwa mwaka, lakini hushuka kwa vishindo vichache. Chemba, wilaya iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, iko juu ya njia. Baada ya Mela unaingia Kondoa.

Kuanzia Kondoa barabara inapanda. Kolo ndipo kituo cha michoro ya miambani iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na aliyeinakili kwa bidii kubwa ni Mary Leakey, mwaka 1951. Michoro yenyewe haiko kando ya lami. Unalipia na kupata mwongozaji Kolo, kisha unaingia kwa barabara ya udongo na kumalizia kwa mguu juu ya mawe. Wenye gari dogo waulize kwanza hali ya njia, hasa kuanzia Januari hadi Aprili. Mbele ya Kolo unapanda Bereku, ukingo wenye msitu wa miombo na baridi ambayo mtu wa Dodoma haitegemei, kisha unateremka kwa kona mpaka Bonga, na Babati inaonekana chini ya mlima Kwaraa na ziwa lake la viboko. Ziwa hilo huwa linajaa kupita kiasi. Mwaka 1990 liliingia mjini.

Sasa niseme kinachoiua barabara hii, maana wengi hudhani ni milima. Bereku hutisha macho, lakini mlima wa mwamba ni rafiki wa barabara: maji hukimbia na msingi haulegei. Adui wako chini, nao ni wawili, mbuga na mchanga.

Udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi hata mguu ukazama kwenye ufa, huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Ukijenga juu yake bila kuutibu, katikati ya barabara hubaki na unyevu ule ule kwa sababu lami imeufunika, wakati kingo hulowa na kukauka kila mwaka. Kingo hupanda na kushuka, katikati haitikisiki, na baada ya misimu miwili mitatu unaona ufa mrefu unaofuata urefu wa barabara, nusu mita hivi kutoka ukingoni. Ukiona ufa wa namna hiyo usilaumu malori. Dawa yake hufanywa kabla ya ujenzi: kuondoa udongo huo kwa kina cha kama sentimita 60 na kujaza kifusi chenye nguvu, kulaza miteremko ya tuta iwe mipole, na kuupeleka mtaro mita kadhaa mbali na mguu wa tuta ili maji yasisimame karibu. Mtaro mzuri uliochimbwa kwenye mguu wa tuta la mbuga ni mbaya kuliko kutokuwa na mtaro. Upande wa Magugu, baada ya Babati, ndiko mbuga ilikotanda zaidi, na mashamba ya mpunga ya umwagiliaji yako jirani kabisa. Mkulima akipasua mfereji ukamwaga maji kwenye mtaro wa barabara, amelowesha msingi mwaka mzima.

Mchanga ni habari ya Kondoa. Vilima vya Irangi vililika kwa mmomonyoko mpaka mwaka 1973 serikali ikaanzisha HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256. Majani yalirudi. Lakini mchanga ulioshuka miaka ya nyuma uko kwenye makorongo, na kila mvua inausogeza. Kalavati, yaani bomba la kupitishia maji chini ya barabara, la mdomo wa sentimita 90 linaweza kuziba nusu kwa mvua moja kubwa. Likiziba nusu, maji yanayofuata hupanda juu ya barabara, hukata bega la upande wa chini, halafu huanza kula tuta kutoka nyuma kuja mbele. Mtu anayepita asubuhi anaona lami nzima juu na pango chini yake. Ndiyo maana baada ya mvua ya usiku dereva mzoefu hapiti juu ya kalavati ambalo maji yalilivuka mpaka ashuke na kulitazama kutoka upande wa chini.

Kazi ya kuzuia hilo ni nyepesi na ina msimu wake. Makalavati yasafishwe Septemba na Oktoba, kabla ya mvua ya kwanza, na mchanga utupwe upande wa chini wa mkondo, mbali. Ukiurundika kando ya mdomo, mvua itaurudisha ulikotoka. Kwenye madaraja shida inageuka: watu huja na malori kuchota mchanga wa ujenzi pale pale kwenye daraja kwa sababu ndipo gari linapofika. Shimo lililochimbwa chini ya mkondo hupanda taratibu kuelekea juu, mvua baada ya mvua, mpaka linafika kwenye msingi wa nguzo na kuuacha hewani. Anayeuza ule mchanga hupata fedha ya siku hiyo. Daraja hugharimu mabilioni.

Mashimo ya kwenye lami nayo yana utaratibu, na yanaporudi baada ya miezi miwili ni kwa sababu umerukwa. Kwanza tafuta maji yalikoingilia. Shimo lililo chini ya mtaro ulioziba halitapona hata ulijaze dhahabu. Kata lami kwa pembe nne, kingo wima, ukienda sentimita kumi hivi zaidi ya sehemu mbovu kila upande. Chimba mpaka tabaka gumu. Safisha vumbi lote, kausha. Paka lami nyepesi ya kushikiza chini na kwenye kingo. Jaza kwa matabaka yasiyozidi sentimita saba na nusu, shindilia kila tabaka, la mwisho libaki juu ya lami ya zamani kwa milimita tano hivi kwa sababu magari yatalishindilia zaidi. Kumwaga mchanganyiko kwenye shimo lenye maji na kuupiga kwa koleo ni kulisha shimo.

Uzito ni habari nyingine. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweka kikomo cha tani 8 kwa ekseli (mhimili wa magurudumu) ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja ya matairi manne, 18 kwa ekseli mbili pacha, 24 kwa tatu, na gari zima lisizidi tani 56. Kwa hesabu hiyo semi-trela ya ekseli sita haivuki tani 50: 8, na 18, na 24. Wenye mizigo hulalamika kwamba lori lao ni tani 48 tu na bado limepigwa faini. Mizani hupima ekseli moja moja. Mzigo ukirundikwa nyuma, jumla inakuwa halali na ekseli za nyuma zimezidi, na lami haioni jumla, inaona tairi lililo juu yake. Jaribio kubwa lililofanywa Ottawa, Illinois, kati ya 1958 na 1960 lilionyesha kwamba uharibifu hupanda kwa karibu kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 13 badala ya 10 imezidi kwa asilimia 30 lakini inaharibu karibu mara tatu. Magunia ya mahindi na alizeti kutoka Babati na Kondoa yapangwe kuanzia ukuta wa mbele wa trela kwenda nyuma, urefu ule ule. Kurundika kilima nyuma kwa ajili ya wanaoshusha njiani hakufai.

Barabara za pembeni zinazoingia kwenye lami, za Pahi, Kwa Mtoro na vijiji vya ndani, nyingi bado ni za changarawe au udongo. Huko kanuni ni mgongo. Barabara ya changarawe inataka mwinamo wa asilimia nne hadi sita kutoka katikati kwenda pembeni, ile ya lami inatosha mbili na nusu. Greda likipita bila kurudisha mgongo limekwangua tu, na mvua moja inatengeneza mfereji katikati. Rasta, yale mawimbi yanayotikisa gari mpaka skrubu zinafunguka, hutokea changarawe ikiwa kavu na haina udongo wa kutosha wa kushika. Kupitisha greda kiangazi bila maji huyafuta kwa wiki chache tu. Greda lifuate mvua, wakati ardhi ina unyevu, na roli ya kushindilia iwe nyuma yake.

Kwa anayeendesha: mafuta jaza Dodoma au Babati, na Kondoa ikibidi. Vijijini kibao cha 50 kinasimamiwa kweli, na tochi ya polisi ya kupima mwendo hukaa mahali barabara inaponyooka na kijiji kinaonekana kimeisha ilhali kibao cha kumaliza bado. Mabasi na malori ya zaidi ya kilo 3,500 kikomo ni 80 hata pasipo na nyumba. Mteremko wa Bereku kwenda Bonga shuka kwa gia uliyopandia, usiegemee breki, na asubuhi washa taa kwa sababu ya ukungu. Baada ya Magugu, kati ya Minjingu na Kwa Kuchinja, unakatiza mapito ya wanyama kati ya Tarangire na Manyara. Nyumbu na pundamilia huvuka gizani kwa makundi, kwa hiyo ukiona mmoja amevuka, simama, wenzake wako nyuma yake.

Na kwa wanaojenga vibanda kando ya lami, maana vinaota kila wiki Chemba, Kolo na Bonga: Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 kila upande hadi mita 30, zikipimwa kutoka katikati ya barabara. Nyumba iliyo ndani ya zile 22.5 hupigwa X nyekundu na haina fidia. Iliyokuwepo kati ya 22.5 na 30 kabla ya sheria hupigwa X ya kijani na hulipwa eneo likihitajika. Anayejenga leo hapo kati hana madai, hata kama mwenyekiti wa kijiji amemwandikia karatasi. Chukua futi ya kamba, anzia kwenye mstari wa katikati, pima mwenyewe kabla ya kununua kiwanja.